Nanoselulosi ya mimea isiyo miti: swali la kwanza ni maji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako tukufu niseme machache kuhusu makala iliyoeleza kwamba mabua, makapi ya miwa, mashina ya migomba na nyuzi za katani vinaweza kugeuzwa kuwa nanoselulosi. Niliisoma kwa furaha, kwa sababu kemia ya nyuzi za mimea ndiyo kazi yangu ya kila siku na ni nadra kuiona ikizungumzwa kwa Kiswahili mbele ya wasomaji wengi. Hata hivyo, makala ile iliusifu mmea kwa maneno mengi na kuyapita haraka mno mambo yanayotokea kati ya shamba na chupa ya sampuli. Sifa za mmea ni za kweli, lakini kitakachoamua kama bidhaa hii itatoka maabara na kuingia kiwandani ni maji, kemikali na nishati inayotumika njiani, na hayo ndiyo niliyoyasubiri mpaka mwisho wa makala nisiyaone.

Nianze na kitu chenyewe. Selulosi, ambayo Mfaransa Anselme Payen aliitenga kutoka kwenye mimea mwaka 1838, ni mnyororo mrefu wa molekuli za glukosi zilizoungana moja baada ya nyingine. Mmea hauiachi minyororo hiyo ielee ovyo. Huifunga pamoja ikawa uzi mwembamba wenye upana wa nanometa 3 hadi 4 hivi (nanometa ni sehemu moja ya milioni ya milimita), kisha huzikusanya nyuzi hizo mafungu mafungu, na mafungu hayo huyagandisha kwa hemiselulosi, ambayo ni jamaa ya selulosi yenye minyororo mifupi, na lignini, ambayo ni gundi ngumu ya mmea, hadi upatikane ukuta wa seli. Kwa kulinganisha, unywele wa binadamu una upana wa takriban nanometa 80,000. Kwa hiyo mtengenezaji wa nanoselulosi haundi kitu kipya, bali anafumua kilichokwisha kuundwa, na aliyewahi kusokota kamba ataelewa kwamba kufumua kamba iliyogandishwa kwa gundi ni kazi kubwa kuliko kuisokota.

Makala ilizungumzia nanoselulosi kana kwamba ni kitu kimoja, ilhali kwa mimea kuna bidhaa mbili zenye tabia na gharama tofauti kabisa. Ya kwanza ni nanofuwele, ambazo ni vijiti vifupi vinavyobaki baada ya asidi kula sehemu legelege za uzi na kuacha zile zilizopangika vizuri. Bengt Rånby wa Sweden alionyesha njia hii kwa asidi ya salfuriki mwaka 1949. Ya pili ni nanonyuzi, ndefu na zinazopindika, ambazo hupatikana kwa kuuchanua uzi kwa nguvu ya mashine. Hizi zilianza mwishoni mwa miaka ya 1970, pale watafiti wa kampuni ya ITT Rayonier nchini Marekani walipolisukuma rojo la mbao, yaani nyuzi za mbao zilizotenganishwa na kulowa maji, kwa shinikizo kubwa kupitia tundu jembamba na kupata uji mzito uliokuwa karibu wote maji. Katani, kwa mfano, ikipitishwa kwenye asidi hutoa vijiti vyenye urefu wa nanometa 200 hadi 250 na upana wa nanometa 4 hadi 5. Katani hiyo hiyo ikichanuliwa kwa mashine hutoa wavu wa nyuzi ndefu ambao huyageuza maji kuwa jeli hata kama nyuzi zenyewe hazifiki sehemu mbili katika mia. Anayesema anatengeneza nanoselulosi aulizwe kwanza ni ipi kati ya hizo, kwa sababu majibu yote yanayofuata yanategemea hapo.

Kwamba mimea isiyo miti inafaa, sina ubishi, na historia iko upande wake. Karatasi ilipoenea nchini China katika zama za Cai Lun, ofisa wa ikulu ambaye habari zake zinawekwa mwaka 105, ilitengenezwa kwa magome, nyuzi za mmea wa bangi, matambara na nyavu kuukuu za kuvulia samaki, na ikaendelea hivyo kwa karne nyingi. Mbao ziliingia katika karatasi kwa nguvu baada ya mashine za kuzisaga kubuniwa katika miaka ya 1840. Tunaposema nyuzi za mabua ni mbadala wa mbao, tunasahau kwamba mbao ndizo zilizokuja kuchukua nafasi ya nyuzi hizo. Sababu za kikemia pia zipo. Mmea wa msimu mmoja haujengi lignini nyingi kama mti unaosimama miaka hamsini, na muundo wake hulegea zaidi, kwa hiyo huhitaji kupikwa kwa joto la chini na kwa muda mfupi zaidi.

Hata hivyo, neno "mimea isiyo miti" linakusanya viumbe visivyofanana hata kidogo. Pamba ina selulosi zaidi ya asilimia 90 na karibu haina lignini, ndiyo maana wanamaabara wengi huanzia kwenye pamba wakitaka matokeo mazuri upesi. Nyuzi za katani zina selulosi inayokaribia theluthi mbili ya uzito wake. Usumba wa nazi, kwa upande mwingine, umejaa lignini kupita hata mbao nyingi, na anayedhani utapikika kirahisi kwa sababu haukutoka kwenye gogo atapoteza siku nyingi. Mabua ya mpunga yana shida ya namna nyingine: majivu yake yanaweza kufikia asilimia 15 ya uzito, na sehemu kubwa ya majivu hayo ni silika, kitu kile kile kilichomo katika mchanga na kioo. Silika huyeyuka katika kostiki soda pamoja na lignini, kisha wakati maji meusi yaliyobaki baada ya kupika yanapochemshwa ili kupunguzwa hujibandika kwenye mabomba kama ukoko na kuyaziba. Huwezi kuona ukoko huo katika chupa ya maabara, kwa sababu maabara humwaga maji yale na kuendelea na kazi.

Makapi ya miwa yana jambo ambalo naliona ni la thamani kubwa na ambalo makala haikuligusa. Ndani ya muwa, katikati ya nyuzi ngumu, kuna uboho laini wa seli zenye kuta nyembamba, na sehemu hiyo ni karibu theluthi moja ya makapi. Watengenezaji wa karatasi huuondoa uboho huo kwa mashine maalumu kwa sababu hunywa kemikali, huzuia maji kuchujika na hauongezi nguvu kwenye karatasi. Kwa mtengenezaji wa nanonyuzi mambo yanageuka, kwa sababu kuta nyembamba za seli za namna hiyo ndizo zinazochanuka kwa urahisi. Ushahidi mzuri unatoka kwenye mizizi: watafiti wa Grenoble nchini Ufaransa walionyesha katika miaka ya 1990 kwamba mabaki ya biti-sukari, baada ya kupikwa polepole na kupitishwa kwenye shinikizo, huachia nyuzi nyembamba mno, na kampuni ya CelluComp ya Scotland imekuwa ikitengeneza kutoka kwenye mabaki ya mboga za mizizi bidhaa inayouzwa kwa watengenezaji wa rangi za ukutani. Naomba msomaji aikumbuke kampuni hiyo, nitarudi kwake.

Sasa niingie kwenye meza yangu ya kazi, ili ijulikane ninaongea kutokana na nini. Nachukua nyuzi fupi za katani, nazikata kwa mkasi kwa urefu wa sentimita moja, nazipika katika kostiki soda iliyozimuliwa kwa nyuzijoto 80. Baada ya saa mbili maji yamekuwa ya kahawia iliyokolea na nyuzi zimelainika lakini bado zina rangi ya majani makavu. Nazichuja na kuziosha, nazipika tena, naziosha tena, kisha naziondoa rangi kwa haidrojeni peroksaidi mpaka ziwe nyeupe kama pamba. Kazi hiyo yote ni ya kuondoa lignini na hemiselulosi tu, nanoselulosi haijaanza, na tayari ndoo ya maji ya kuoshea imejaa na kumwagwa mara kadhaa wakati nyuzi zilizobaki zinaenea katika kiganja. Mkono unaporudi kwenye ndoo mara ya nne au ya tano, mtu huanza kuhesabu.

Hesabu ya asidi ni nzito zaidi. Utaratibu wa kawaida wa nanofuwele hutumia asidi ya salfuriki ya asilimia 64 kwa uzito, kwa nyuzijoto 45, kwa dakika 30 hadi 60, na kiasi cha asidi ni kama mililita 10 kwa kila gramu ya nyuzi safi. Ukipiga hesabu, ndani ya mililita hizo 10 mna karibu gramu 10 za asidi halisi. Ili kuzuia asidi isiendelee kula hadi kuigeuza selulosi yote kuwa sukari, mchanganyiko humwagiwa maji baridi mara kumi ya ujazo wake. Nyuzi kilo moja, kwa hiyo, inadai takriban kilo 10 za asidi na zaidi ya lita 100 za maji kwa hatua hiyo peke yake. Baada ya hapo huja kuzungusha kwa mashine ya kasi ili kutenganisha, halafu kuuweka uji ule katika mifuko ya utando iliyozamishwa kwenye maji yanayobadilishwa kwa siku kadhaa hadi asidi iishe. Na kwa kuwa mavuno huwa mara nyingi chini ya nusu ya nyuzi ulizoanza nazo, kila kilo ya nanofuwele kavu inabeba nyuma yake zaidi ya kilo 20 za asidi, ambazo ni lazima zirudishwe kazini au zizimwe kwa chokaa na kuacha lundo la jasi.

Sisemi haiwezekani. Kiwanda cha CelluForce kilichofunguliwa Windsor, Quebec, mwaka 2012 kilijengwa kutoa tani moja ya nanofuwele kwa siku kutoka kwenye rojo la mbao, lakini kwa kiwango hicho suala la kurudisha asidi haliepukiki, na mtambo wa kuirudisha una uzito mkubwa katika bajeti. Anayetangaza kwamba atatengeneza nanofuwele kutoka kwenye mashina ya migomba bila kueleza asidi itarudi vipi hajatueleza nusu ya kiwanda chake.

Nanonyuzi hazihitaji asidi hiyo, ila zina deni la umeme. Kuchanua rojo kwa shinikizo bila matayarisho yoyote kuliwahi kula hadi kilowati-saa 27,000 kwa tani moja ya nyuzi kavu. Mambo mawili yaliishusha hesabu hiyo. Moja ni vimeng'enya, vinavyokata sehemu legelege za uzi kabla haujaingia kwenye mashine, na kwa njia hiyo matumizi yameweza kushuka hadi chini ya kilowati-saa 2,000. Lingine ni kazi ya Akira Isogai, Tsuguyuki Saito na Yoshiharu Nishiyama wa Japani, ambao kwa kutumia kichocheo kiitwacho TEMPO waliupa uso wa kila uzi chaji hasi, nyuzi zikawa zinasukumana zenyewe na kuachana kwa kupigwa kidogo tu. Walitunukiwa Tuzo ya Marcus Wallenberg mwaka 2015, na kampuni ya Nippon Paper ilijenga huko Ishinomaki mtambo wa tani 500 kwa mwaka uliotumia njia hiyo. Kwa rojo lililotayarishwa vizuri hata mashine nyepesi hufanya kazi: watafiti wa Kyoto walichapisha mwaka 2011 kwamba waliichanua selulosi kwa blenda yenye kasi kubwa.

Kuna jambo moja nililolijua kwa kuumia. Mwanzoni mwa kazi hii nilikuwa na jeli nzuri ya nanonyuzi za katani, angavu, iliyosimama ndani ya bika hata nilipoigeuza chini juu. Nilitaka kuipeleka kwa wenzangu walio mbali, nikaona ni upuuzi kubeba maji, nikaikausha kwenye tanuri usiku kucha. Asubuhi nilikuta kigae kigumu kama ukucha. Nilikiloweka wiki nzima, nikakisaga, nikakipiga kwa mashine, na nilichopata kilikuwa chengachenga zinazotua chini ya maji. Jeli haikurudi tena. Georg Jayme wa Ujerumani alikwisha kulieleza jambo hili mwaka 1944 katika nyuzi za karatasi: zikikauka hushikana na kugeuka kama pembe, na kuzilowesha tena hakuzirudishi zilivyokuwa. Kazi ya miezi miwili iliishia katika kile kigae, na tangu siku hiyo siamini picha ya unga mkavu mweupe, kama ile iliyopamba makala yenu, mpaka nimeona unga huo ukitiwa majini na kurudi ulivyokuwa.

Hapa ndipo usafirishaji unapobana. Jeli yenye asilimia 2 ya nyuzi ina kilo 49 za maji kwa kila kilo moja ya bidhaa. Kuikausha kwa kugandisha au kwa kunyunyiza hewani kunawezekana, ila kunakula nishati, na unga unaopatikana si sawa na jeli. Ndiyo maana nilimwomba msomaji aikumbuke ile kampuni ya Scotland. Rangi ya ukutani ni bidhaa ya majimaji. Nyuzi zinaingia zikiwa na maji yake, hazidai kukauka kwanza, na kazi zake za kuzuia rangi isitiririke na isipasuke zinaonekana hata kwa kiasi kidogo. Karatasi ni hivyo hivyo: rojo la karatasi zilizotumika, ambalo nyuzi zake zimechoka kwa kukaushwa na kutumika tena mara nyingi, hupata nguvu likichanganywa na asilimia chache za nanonyuzi, na kiwanda cha karatasi tayari kina maji, mabomba na watu wanaojua kazi ya rojo. Kwa maoni yangu, anayetaka kuanza na mabua au makapi aanze na nanonyuzi zitakazotumika zikiwa bado mbichi, ndani ya kiwanda kile kile au jirani yake. Tena asikimbilie weupe. Nanonyuzi zilizobakiwa na sehemu ya lignini zina rangi ya udongo na hazipendezi katika picha, ila hutumia kemikali kidogo, hutoa mavuno makubwa zaidi, na kwa boksi la kufungashia rangi yake haimdhuru mtu.

Makala iliita vitu hivi "taka". Neno hilo lina hatari. Makapi ya miwa huchomwa katika boila za viwanda vingi vya sukari na ndiyo yanayotoa mvuke na umeme wa kuendeshea kinu. Ukiyachukua yote, kinu kitatafuta kuni kwingine. Mabua yanayoachwa shambani hufunika udongo, huurudishia kaboni na hulisha mifugo. Mabaki ya kweli yapo, na mfano ulio wazi ni katani, ambayo jani lake bichi hutoa nyuzi takriban asilimia 4 tu ya uzito, sehemu inayobaki ikimwagwa na maji ya kuchakatia pamoja na nyuzi fupi zilizoponyoka. Hizo nyuzi fupi zimekwisha kukusanywa mahali pamoja, zimekwisha kuoshwa kiasi, na bado ni mbichi, kwa hiyo hazijapata ule ugumu wa pembe. Ningeulizwa nianzie wapi, ningeanzia hapo.

Mwandishi alisema pia kwamba nanoselulosi ni "ngumu kuliko chuma". Ukakamavu wa fuwele moja ya selulosi unakadiriwa kuwa karibu gigapaskali 150 (kipimo cha ukakamavu), na chuma cha pua ni karibu 200. Kwa kuwa fuwele ni nyepesi mara tano, inashinda ukilinganisha kwa uzito. Lakini hayo ni ya fuwele moja. Ukizitia fuwele hizo katika plastiki isiyopenda maji, hukimbiliana na kufanya madonge, na plastiki iliyojaa madonge huvunjika mapema kuliko ilivyokuwa. Vivyo hivyo, utando wa nanoselulosi huzuia oksijeni vizuri sana ukiwa mkavu, na huanza kuipitisha pale hewa inapokuwa na unyevu mwingi.

Ombi langu, Ndugu Mhariri, ni dogo. Mtakapochapisha tena habari ya mradi wa nanoselulosi, mwandishi wenu awaulize wahusika: ni nanofuwele au nanonyuzi, ni lita ngapi za maji na kilowati-saa ngapi kwa kilo moja kavu, yale maji meusi ya kupikia yanakwenda wapi, na bidhaa itamfikia mnunuzi ikiwa jeli au unga. Mabua na makapi yenyewe yalikuwa yakifanya kazi gani kabla ya mradi kufika, hilo mkulima na mwenye kinu wataweza kumjibu wao wenyewe, na ningependa kuwaona wakiulizwa. Niko tayari kumwonyesha mwandishi huyo kila hatua mezani kwangu, kuanzia mkasi mpaka mifuko ya utando, na kile kigae cha katani bado ninacho kabatini.

Wako,
Mkemia wa nyuzi za mimea